Kupunguza Kelele Unaporekodi Sauti Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayerekodi sauti yake nyumbani kwa ajili ya kazi: tangazo la redio, kitabu cha kusikiliza, somo la mtandaoni, tamthilia inayoingizwa Kiswahili, au ile sauti ya "kwa huduma zaidi bonyeza moja". Majibu yote yameegemea upande mmoja, na ni vizuri ulijue hilo mapema. Kelele unayoizuia kabla haijafika kwenye maiki haikupunguzii chochote. Kelele unayoifuta kwa programu huondoka na kipande cha sauti yako.

Rekodi yangu ina kelele lakini sijui ni ya nini. Nianzie wapi?

Rekodi ukimya. Weka maiki mahali pake pa kawaida, geini (kiasi unachoikuza sauti ya maiki) iwe ile ile unayotumia ukisoma, kisha rekodi dakika mbili bila kusema neno. Vaa hedifoni zinazofunika masikio, ongeza sauti, sikiliza ukiwa na karatasi mkononi. Andika kila unachokisikia: jokofu, feni ya kompyuta, tangi la jirani linalojaa maji, bodaboda, mbwa, na ule mvumo ambao huwezi kuupa jina. Masikio yamezoea kuzipuuza sauti hizi mchana kutwa. Maiki haijazoea kitu.

Halafu zima kimoja kimoja na urekodi upya baada ya kila kimoja. Anza na jokofu, kwa sababu ndilo mkosaji wa kwanza katika nyumba nyingi hata kama lipo chumba cha pili. Mtetemo wake hupita sakafuni. Ukilizima, weka funguo za nyumba ndani yake. Hutatoka bila kulifungua, na ukilifungua utakumbuka kuliwasha. Samaki wa watu wengi wameokolewa na funguo hizo.

Mwisho wa zoezi utakuwa na orodha ya kelele zako mwenyewe, siyo za mtu wa YouTube anayeishi kwenye nyumba ya mbao yenye zulia huko Marekani. Baadhi utazizima, baadhi utazikimbia kwa kuhama chumba, na zilizobaki utazisubiri zipite. Zana za kununua zinakuja baada ya hapo.

Mteja anasema kuna kelele, mimi nasikia ukimya mtupu. Nani mkweli?

Mara nyingi nyote wawili. Kuna mambo mawili yanayochanganywa hapa.

La kwanza, fundi wa upande wa pili atapitisha sauti yako kwenye kompresa, kifaa kinachobana sehemu zenye nguvu ili zote zipandishwe pamoja. Akipandisha sauti yako desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na kelele iliyojificha kati ya sentensi nayo inapanda 10. Ulichokisikia wewe ni rekodi kabla ya kupandishwa. Kwa hiyo kabla ya kutuma, ipandishe hadi kiwango kitakachotumika, kisha usikilize zile nafasi kati ya maneno.

La pili, huenda anachokiita kelele ni mwangwi. Wateja wengi hawatofautishi, na dawa zake ni tofauti kabisa. Kelele ni sauti ngeni iliyoingia chumbani. Mwangwi ni sauti yako mwenyewe iliyogonga ukuta wa saruji, sakafu ya vigae na dirisha, ikarudi kwenye maiki imechelewa kidogo. Simama unaporekodia upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi wa kama chuma unafuatia kofi, una mwangwi. Magodoro na mapazia yatatibu mwangwi. Yakiwa ukutani tu, hayatakusaidia lolote dhidi ya daladala.

Ukimya unatakiwa uwe kiasi gani hasa?

Kipimo kinachotajwa zaidi ni kile cha ACX, jukwaa la Amazon la kutengenezea vitabu vya kusikiliza. Wanataka kelele ya chumba isizidi desibeli -60, wastani wa sauti ya msomaji uwe kati ya -23 na -18, na kilele kisivuke -3. Sifuri ndiyo juu kabisa, na kadiri namba inavyoshuka chini yake ndivyo sauti ilivyo ndogo. Hata kama hutafanya nao kazi maishani, lenga hapo. Ukifikisha -60 baada ya sauti yako kupandishwa hadi kiwango hicho, hakuna redio wala studio itakayokurudishia kazi kwa ajili ya kelele.

Tangazo la redio lenye muziki chini yake husamehe zaidi. -50 inapita bila mtu kugutuka. Kitabu cha kusikiliza hakisamehi, kwa sababu msikilizaji amevaa hedifoni, yuko peke yake na sauti yako kwa saa nane, na hakuna muziki wa kukuficha.

Nikae mbali kiasi gani na maiki?

Hili ndilo swali lenye faida kubwa kuliko yote, na jibu lake ni bure.

Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inayofika moja kwa moja kwenye maiki inaongezeka kwa takriban desibeli 6. Kelele ya chumba haiongezeki, kwa kuwa umbali wake na maiki haujabadilika. Chukua mtu aliyezoea kukaa sentimita 60 kutoka kwenye maiki iliyo mezani. Akisogea hadi 30 amepata desibeli 6. Akisogea hadi 15 amepata 12. Sasa anapunguza geini kwa desibeli 12 ili sauti yake irudi pale pale, na kelele yote ya nyumba inashuka nayo kwa 12. Hakuna programu inayoondoa desibeli 12 za kelele bila kuacha alama. Kusogea mbele hakuachi alama.

Kwa kazi nyingi kaa kati ya futuri na shibiri, yaani sentimita 15 hadi 20. Futuri ukiwa na kelele nyingi, shibiri chumba kikiwa kimya. Kipimo cha mkono ni kizuri kwa sababu unakibeba: kabla ya kila rekodi weka gumba kwenye mdomo, kidole kwenye maiki, basi.

Ukaribu una gharama mbili. Maiki nyingi zinazosikia upande mmoja huongeza besi kadiri unavyozikaribia. Sauti inakuwa nzito na ya kunong'ona, jambo ambalo kwa tangazo la benki ni zuri na kwa hadithi ya watoto ni baya. Gharama ya pili ni pumzi za P na B. "Pamoja", "Baba", "Papo hapo" zitapiga puu kwenye maiki. Weka kichujio cha kitambaa mbele, na zaidi ya hapo usiielekee maiki uso kwa uso: ielekeze pembeni kidogo ya mdomo, kwenye kona ya midomo, ili pumzi ipite kando yake.

Na geini? Rekodi kwa biti 24, vilele vyako vicheze karibu na -12. Watu hupandisha geini hadi mstari mwekundu kwa kudhani sauti kubwa ni sauti safi. Geini inapandisha kila kitu, pamoja na jogoo.

Nimeambiwa maiki ya kondensa inavuta kelele na ya dainamiki haivuti. Ni kweli?

Nusu. Kondensa ina usikivu zaidi, hivyo kwa geini ile ile itakuonyesha kelele zaidi. Lakini ukizipanga zote mbili umbali ule ule, zikiwa na umbo lile lile la usikivu (pande zinazosikia na zisizosikia), kisha ukasawazisha sauti yako ilingane, kelele ya chumba utakayobaki nayo inakaribiana sana. Sifa ya dainamiki inatoka kwingine: watu huizungumzia kwa karibu sana, mdomo karibu unagusa wavu wa maiki. Ni ukaribu uliofanya kazi.

Tena dainamiki zina udhaifu wake. Shure SM7B, ile inayoonekana kwenye kila podikasti, inahitaji geini ya karibu desibeli 60, na vifaa vingi vya bei nafuu vya kuunganishia maiki na kompyuta vikipandishwa kiasi hicho huanza kutoa mchirizo wao wenyewe wa "shhh". Kwa hiyo mtu amekimbia kelele ya mtaa akaikuta ya kifaa. Upande wa kondensa, angalia kelele ya maiki yenyewe: Rode NT1-A imeandikwa desibeli 5 tu, Audio-Technica AT2020 desibeli 20. Zote zinafaa kwa mtu anayesoma akiwa shibiri moja. Ya pili itaanza kusikika kwa anayenong'ona kutoka mbali.

Kilicho muhimu kuliko aina ni mgongo wa maiki. Nyingi za kazi hii zina umbo la usikivu linaloitwa kadioidi: husikia mbele, husikia kidogo pembeni, na nyuma ni viziwi kwa kiasi kikubwa. Elekeza mgongo huo kwenye kelele yako mbaya kuliko zote. Kama dirisha la barabarani liko kaskazini, maiki iwe imelipa mgongo na wewe uwe unalitazama.

Trei za mayai ukutani zinasaidia?

Hapana, na natamani swali hili life. Karatasi ya trei ni nyepesi mno kuzuia sauti isipite, maana kinachozuia sauti kupita ni uzito: ukuta wa tofali huizuia, karatasi haiizuii. Kwa upande wa mwangwi, trei hugusa sauti nyembamba kidogo na kuziacha nyingine zote, kwa hiyo chumba kinabaki na mvumo wa katikati, kama unasoma ndani ya pipa. Juu ya hayo, zinakaribisha mende na zinashika moto haraka.

Sponji nyembamba za rangi za kubandika, zile za pembe pembe, zina tatizo hilo hilo kwa bei kubwa zaidi. Sauti ya masafa ya 4000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 9 hivi, na sponji ya sentimita 3 inaweza kuishika. Sauti ya masafa ya 100, ambako sauti za wanaume wengi zinaanzia na ambako jenereta na malori yanaishi, ina wimbi la mita 3 na nusu. Hiyo haijui kama kuna sponji ukutani.

Aliyeanza kulipima jambo hili kwa hesabu alikuwa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mwangwi mkubwa hata mhadhiri hasikiki. Hakubandika urembo ukutani. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akaipanga kidogo kidogo, akipuliza filimbi ya kinanda na kupima kwa saa ni sekunde ngapi sauti inachukua kufa. Kadiri mito ilivyoongezeka, ndivyo mwangwi ulivyofupika. Na vipimo hivyo alivifanya usiku wa manane, wakati mitaa imetulia. Yaani hata yeye alikuwa na daladala zake za kusubiri.

Basi niweke nini?

Vitu vinene, laini, vinavyopitisha hewa: godoro la sponji la inchi 6, mablanketi mazito yaliyokunjwa mara mbili, mito ya sufi, zulia, kabati lililojaa nguo. Kama godoro ni jipya, toa nailoni yake. Ikibaki, sauti nyembamba zinagonga nailoni na kurudi.

Mahali pa kuviweka ndipo wengi wanapokosea. Wanavipanga nyuma ya maiki, pale macho yao yanapotazama wakati wa kusoma. Lakini maiki inakutazama wewe, na kinachoonekana kwake nyuma yako ni ukuta mtupu. Sauti yako inatoka mdomoni, inazunguka chumba, inarudi ikitokea nyuma ya kichwa chako na kuingia moja kwa moja mbele ya maiki. Godoro la kwanza lisimame nyuma yako. La pili, kama lipo, pembeni. Blanketi juu ya kichwa, hasa kama silingi iko chini. Nyuma ya maiki paje mwisho.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni fremu ya chandarua. Ile ya chuma inayosimama yenyewe, yenye nguzo nne, ukiitundikia mablanketi pande tatu na moja juu badala ya neti, una kibanda cha kurekodia kinachofunguliwa na kukunjwa kabla wageni hawajafika. Usikae juu ya kitanda lakini, kitalia. Ondoa kitanda au uweke fremu sehemu nyingine, ukae kwenye kigoda kigumu.

Kabati la nguo linalosifiwa mtandaoni ni zuri kama ni lile la chumba kizima. Kabati la mbao la kusimama, ukiingiza kichwa tu, linakupa sauti ya mtu aliye ndani ya sanduku.

Nikifunga kila kitu nakufa kwa joto. Feni je?

Feni na kiyoyozi vinazimwa wakati wa kurekodi. Sina jibu tamu la hapo. Feni ya juu ina mvumo wa injini, ina upepo unaogonga maiki, na mara nyingi ina mlio wa "tik" kila mzunguko, ambao mhariri atauchukia maisha yake yote.

Kinachowezekana ni kuupoza mwili na chumba kabla. Washa feni au kiyoyozi nusu saa, zima, rekodi dakika 15 hadi 20, toka nje, washa tena. Gawa maandishi yako yaendane na vipindi hivyo, mwisho wa kipindi uwe mwisho wa aya, kwa sababu sauti ya mtu aliyechoka na joto hubadilika na kiungo kitasikika. Taa ya LED badala ya ile ya kizamani hupunguza joto ndani ya kibanda. Wakati wa Januari na Februari Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, rekodi alfajiri, hakuna ubishi.

Mtaa wangu hauna dakika ya ukimya. Nifanyeje?

Unayo, ila hujaipata. Fanya hivi: acha simu inarekodi dirishani kutwa nzima siku ya kazi, kisha fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na uangalie mchoro bila hata kusikiliza. Nafasi nyembamba utaziona kwa macho. Kwa nyumba nyingi za mjini zipo mbili, moja kati ya saa nane usiku na kabla ya adhana ya alfajiri, nyingine katikati ya asubuhi watoto wakiwa shuleni na watu wameshakwenda kazini.

Adhana ni kati ya sauti rahisi kupangia, kwa kuwa inajulikana. Karibu na ikweta nyakati za swala husogea kidogo sana mwaka mzima, hivyo ratiba uliyoitengeneza mwezi wa pili bado itafanana na ya mwezi wa nane. Anayeishi London, ambako alfajiri na magharibi husogea kwa saa kadhaa, hana bahati hiyo. Kengele za shule, ibada za Jumapili zenye spika, na mitambo ya kusaga nayo ina saa zake. Ziandike ukutani.

Visivyo na ratiba ni bodaboda, kunguru na jirani mwenye spika mpya. Kunguru hawa weusi wa pwani huanza na mwanga, wakatulia kidogo jua likiwa kali. Kwa bodaboda usipigane: nyamaza, ngoja ipite, rudi mwanzo wa sentensi. Usirudie kutoka katikati ya neno. Kwa jirani, nenda ukaongee naye mchana, kwa heshima, ukiwa na sababu: "Ndugu yangu, saa nne hadi saa tano nina kazi ya kurekodi, nikuombe tu saa hiyo moja." Inafanya kazi mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, na ni nafuu kuliko sponji ya kuziba mlango.

Usiku una mtego wake. Magari yakiisha, nyenje wanaanza, na vyura kama kuna maji karibu. Sauti ya nyenje iko juu, mahali pale pale zinapoishi S na SH zako, kwa hiyo huwezi kuichuja bila kuyafanya maneno yawe butu. Heri lori la mbali kuliko nyenje mmoja aliye dirishani.

Kuhusu dirisha lenyewe: sauti hupita popote hewa inapopita. Dirisha la vipande vya vioo vinavyofunguka halizibi hata likifungwa, basi lisukumizie godoro au mto mzito kwa muda. Taulo chini ya mlango. Ukiwa na uchaguzi, rekodi kwenye chumba kisicho na ukuta wa nje, hata kama ni stoo.

Mvua kwenye bati?

Subiri. Nyumba isiyo na silingi wakati wa masika haina dawa. Mwambie mteja mapema kwamba miezi ya Machi hadi Mei unahitaji siku mbili za akiba.

Kuna mvumo wa "mmmm" hata usiku wa manane, kila kitu kikiwa kimezimwa.

Huo ni umeme. Afrika Mashariki umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake hukaa kwenye 50, 100, 150 na kuendelea. Ukifungua mwonekano wa spektrogramu, mchoro unaoonyesha masafa ya sauti, utauona kama mistari iliyolala, imepangwa vizuri.

Jaribio la kwanza: chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Mvumo ukitoweka, mkosaji ni chaja au soketi isiyo na waya wa ardhini, ule mafundi wanaouita ethi. Rekodi kwa betri, na siku nyingine mwite fundi aipime soketi, maana hiyo ni hatari kwako pia, si kwa rekodi tu. Ukiendelea, chomeka vifaa vyote vya sauti kwenye ekstensheni moja, tenganisha nyaya za umeme na waya wa maiki, na tumia waya wa XLR wenye vichwa vya pini tatu badala ya ule wa gitaa. Taa zenye kizima cha kupunguza mwanga hulia pia.

Ukisikia "dudududu-dududu" ya ghafla, hiyo ni simu yako inatafuta mtandao, hasa ikiwa kwenye 2G. Iweke hali ya ndege au ipeleke chumba kingine.

Jenereta ya jirani ni kisa tofauti. Injini ndogo ya silinda moja inayozalisha umeme wa 50 huzunguka mara 3000 kwa dakika na kwa kawaida hulipuka mara 25 kwa sekunde. Ngurumo hiyo huja kupitia ardhini na ukutani. Kichujio cha kukata sauti nzito kitaondoa sehemu ya chini, lakini sehemu yake ya juu imekaa ndani ya sauti yako. Ni ya kusubiri kama mvua.

Sina maiki, nina simu tu. Niache?

Usiache. Maiki ya simu ya leo inatosha kwa sauti ya majaribio na hata kwa kazi ndogo, ukiitendea haki. Hali ya ndege. Simu isimamishwe, isishikwe mkononi. Sehemu yake ya chini, yenye maiki, iwe futuri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi WAV, faili la sauti lisilobanwa, na kama ina kizima cha kupunguza kelele kiotomatiki, kizime. Simu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, zikikuona umenyamaza zinaminya sauti, ukianza kusema zinafungua, na mwanzo wa neno unaliwa.

Usitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa unabanwa mno. Tuma faili lile lile kama hati.

Nguo, kiti, mate?

Vaa kitu kilichofuliwa mara nyingi. Kanga mpya yenye wanga, koti la nailoni, bangili na shanga vyote vinasikika. Kiti kisichozunguka. Maandishi yawe kwenye tableti, au karatasi zisizobanwa ambazo hutazigeuza ukiwa unasoma. Kunywa maji ya kawaida, kula kipande cha tofaa kama mdomo unalia; maziwa na chai ya maziwa subiri umalize.

Nimeshafanya yote hayo. Programu sasa?

Sasa ndiyo. Audacity ni ya bure na inatosha. Anayetaka zaidi anaweza kwenda Reaper au iZotope RX. Hatua zangu huwa hivi.

Kwanza kata sauti nzito zisizo zako: chini ya masafa ya 80 kwa mwanamume, chini ya masafa ya 100 kwa mwanamke wa kawaida. Usipande zaidi kwa tamaa. Pili, chukua sampuli ya kelele kutoka zile sekunde za ukimya ulizorekodi kabla ya kuanza kusoma, kisha iondoe kwa desibeli 6, ikizidi sana 9. Watu huvuta hadi 24 kwa sababu kitelezi kinaruhusu, na matokeo ni sauti yenye mlio wa viputo vya maji nyuma ya kila neno. Baada ya kuondoa, sikiliza kilichoondolewa, Audacity inakuruhusu kukisikia peke yake. Ukisikia maneno ndani yake, umekula sauti yako.

Geti la kelele, lile linalofunga sauti kila unaponyamaza, ni hatari ya pekee kwa Kiswahili. Maneno yetu mengi yanaanza na M au N inayosimama yenyewe, laini, bila irabu: mtoto, mti, mke, nchi, mgeni. M hiyo ina nguvu ndogo kuliko silabi inayoifuata. Geti lililowekwa juu halifunguki hadi lisikie T, na mtoto wako anatoka akiwa "toto". Kwenye sentensi ya tangazo hilo ni kosa la sarufi, na msikilizaji atadhani umelifanya wewe. Badala ya geti linalofunga kabisa, tumia linaloshusha kwa desibeli 6 hadi 10 tu, lifunguke haraka na lifunge polepole. Au shusha kwa mkono. Kwa tangazo la sekunde 30, mkono ni dakika tano.

Kompresa ije baada ya hayo yote, kamwe siyo kabla.

Zana za akili mnemba zinazosafisha kwa kubofya mara moja zinafaa?

Kwa dharura, ndiyo. Mahojiano yaliyorekodiwa sokoni na hayawezi kurudiwa, zipe. Kwa kazi yako mwenyewe ambayo unaweza kuirudia, hapana. Baadhi ya zana hizi hazifuti kelele tu, zinaijenga sauti upya kwa kukisia, na makisio hayo yanaweza kuteleza kwenye GH ya "ghali", DH ya "dharau" na NG' ya "ng'ombe". Kama lazima utumie, changanya: theluthi ya iliyosafishwa, theluthi mbili za yako. Na msikilizishe mzungumzaji wa Kiswahili kabla hujatuma.

Nina hela kidogo. Ninunue nini kwanza?

Hedifoni za kufunika masikio. Huwezi kuondoa usichokisikia. Kisha stendi nzito ya maiki inayofika mdomoni, ili uache kuiinamia meza. Kisha kichujio cha pumzi. Blanketi la pili unalo tayari. Maiki mpya ni ya mwisho kwenye orodha, na wengi wakifika hapo hawaihitaji tena.

Mteja anataka faili ghafi, lisiloguswa. Nimpe?

Mpe, na ufurahi, kwa sababu maana yake ana fundi. WAV, biti 24, 48 kHz kama ni ya video, 44.1 kama ni kitabu, isipokuwa ameandika vingine. Usikate pumzi zako, na usiweke ukimya wa kompyuta, ule wa sifuri kabisa, kati ya sentensi. Sikio linashtuka chumba kinapotoweka. Acha sekunde tano za ukimya wa chumba chako mwanzoni na tano mwishoni. Fundi atazitumia kuziba mapengo, kwa hiyo ukimaliza neno la mwisho usinyanyuke kitini wala kuigusa feni hadi zipite.